Saratani ya Koo: Damu ya Nairobi Iliyofumbua Fumbo

Popote ulipo, iwe unachambua sukuma wiki, unamnyonyesha mtoto, au umekaa kando ya kitanda cha mgonjwa unayemtunza, vuta kiti ukaribie redio. Leo nitakusimulia historia. Ni historia ya ugonjwa mmoja wa koo, na ya kipimo cha damu ambacho mwanzo wake uko hapa kwetu Kenya.

Kabla ya historia, hebu tuanze na mfano. Tuseme unaishi hapa Makongeni, Thika, na una kijana wa miaka 15. Siku moja akivaa shati la shule unaona uvimbe shingoni, chini ya sikio. Unaubonyeza. Haumwumi. Jirani wa ploti anakwambia, "Hayo ni matezi tu, Mama, mkande na maji ya moto." Unamkanda. Wiki 2 zinapita. Cucu anasema hayo ni mafindofindo, labda kijana akatwe kimio. Kwenye duka la dawa unapewa vidonge vya antibaiotiki. Uvimbe unapungua kidogo, au pengine ni wewe tu unayetaka kuamini kwamba umepungua. Mwezi wa 3 kijana anasema sikio la upande ule ule limeziba. Asubuhi akipenga kamasi, kitambaa kina damu.

Je, mama, hapo utafanya nini? Shikilia swali hilo. Tutalijibu kabla ya kuagana.

Mara nyingi uvimbe wa shingo kwa mtoto si saratani. Huwa ni maambukizi ya koo, ya jino au ya sikio, na hupona. Wakati mwingine ni kifua kikuu cha matezi. Lakini iko saratani moja ambayo huanza kimya kimya nyuma ya pua, pale juu ambapo pua na koo hukutana. Hata ukimwambia mtoto afungue mdomo na useme "aaa", hutapaona mahali hapo. Mara nyingi mgonjwa hana habari mpaka ugonjwa umeshuka kwenye matezi ya shingo. Kwa sababu hiyo, kwa miaka mingi saratani hii imechanganywa na kifua kikuu, na watu wamemeza dawa za TB miezi kadhaa huku saratani ikiendelea kukua. Nao si wazee peke yao. Hapa Afrika huwapata hata vijana wa shule.

Sasa tuingie katika historia. Kisa chetu kinaanzia Kampala, kinapitia London, kisha kinarudi Nairobi.

Katika miaka ya 1950, katika hospitali ya Mulago, Kampala, alikuwako daktari mpasuaji aliyeitwa Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland. Aliona watoto wengi wenye uvimbe mkubwa wa taya. Mwaka 1958 aliandika habari zao, na leo saratani hiyo ya watoto inajulikana kwa jina lake. Mwezi Machi 1961 alikwenda London akatoa mhadhara juu ya watoto hao. Miongoni mwa waliomsikiliza alikuwa mtafiti kijana, Anthony Epstein. Epstein alijiuliza, je, haiwezekani uvimbe huu unaletwa na virusi?

Basi vipande vya uvimbe vikawa vinasafirishwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London. Mwishoni mwa 1963 ndege moja ilizuiwa na ukungu, ikatua Manchester. Kipande kilipofika maabarani, maji yake yalikuwa yamechafuka. Mtu mwingine angeyamwaga. Epstein aliyatazama kwa hadubini akaona kwamba uchafu ule ulikuwa seli hai za saratani zikielea. Kutokana na seli za namna hiyo, yeye na wenzake Yvonne Barr na Bert Achong waliona kirusi kipya, wakatangaza habari zake mwaka 1964. Kirusi hicho kinaitwa Epstein-Barr.

Huenda unauliza, uvimbe wa taya wa watoto wa Uganda unahusiana vipi na koo la kijana wa Makongeni? Subiri kidogo, mama. Hapo ndipo Nairobi inapoingia.

Wakati huo, katika hospitali kuu ya Nairobi, iliyoitwa King George VI na baada ya uhuru ikaitwa Kenyatta, alikuwako daktari wa pua, masikio na koo aliyeitwa Peter Clifford. Aliwatibu watoto wenye uvimbe wa Burkitt, na pia watu wengi wenye saratani ya nyuma ya pua. Aliona kwamba wengi wa hao wa pili walitoka nyanda za juu zenye baridi. Mwaka 1964, yeye na mwenzake waliandika juu ya nyumba ambazo moto wa kuni huwaka ndani mchana na usiku na moshi hauna pa kutokea. Walishuku moshi ule. Mpaka leo wataalamu hawajakubaliana kama moshi huo ndio unaoleta saratani hii. Hata hivyo inajulikana wazi kwamba moshi wa jikoni huwaumiza watoto mapafu, kwa hiyo kufungua dirisha unapopika ni faida tupu.

Clifford alifanya jambo jingine lililozaa matunda makubwa. Alichukua damu ya wagonjwa wake na kuituma kwa watafiti wa ng'ambo. Damu nyingine ilikwenda New York, kwa mtafiti Lloyd Old na wenzake, waliokuwa wanatafuta kingamwili katika damu ya watu wenye uvimbe wa Burkitt.

Hapa tusimame tueleze neno hili, kingamwili. Kingamwili ni protini. Ukisikia protini huenda unafikiria maharagwe, mayai na ndengu, na hukosei. Lakini mwili nao hujitengenezea protini zake, na nyingine ni askari. Kila adui akiingia, mwili hutengeneza askari wa kumtambua adui huyo na si mwingine. Askari hao ndio kingamwili, nao hukaa katika damu muda mrefu. Kwa hiyo ukiichunguza damu, unaweza kujua ni adui gani aliyepita, na pengine ni adui gani bado yumo.

Watafiti wa New York waliandaa jeli laini katika kisahani, wakatoboa vishimo. Kishimo kimoja walitia maji ya damu ya mgonjwa. Kingine walitia rojo la seli za uvimbe wa Burkitt. Vitu hivi 2 hutambaa polepole ndani ya jeli. Vikikutana na kingamwili zikamtambua adui wao, mstari mweupe hutokea. Damu za wagonjwa wa Burkitt zilitoa mstari, kama walivyotumaini. Lakini walipojaribu damu za watu wenye saratani nyingine ili kulinganisha, waliona jambo ambalo hawakulitarajia. Damu za wagonjwa wa saratani ya nyuma ya pua, zilizotoka Nairobi, nazo zilitoa mstari ule ule. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1966, na jina la Clifford lilikuwa miongoni mwa waandishi.

Fikiria, msikilizaji. Magonjwa 2 yasiyofanana, moja taya la mtoto, jingine koo la mtu mzima, lakini damu inamtaja adui mmoja.

Watafiti wengine waliifuata njia hiyo. Huko Philadelphia, Marekani, walikuwako mume na mke, Werner na Gertrude Henle. Walipima damu za wagonjwa wa Clifford wa Kenya pamoja na damu za wagonjwa wa Hong Kong, na nyingine kutoka Ulaya. Mwaka 1970 walieleza kwamba wenye saratani ya nyuma ya pua walikuwa na kingamwili nyingi za kirusi cha Epstein-Barr, kuliko watu wazima wa afya na kuliko wenye saratani nyingine za kichwa na shingo. Mkenya na Mchina, ambao hawali chakula kimoja wala hawasemi lugha moja, damu zao zilisema neno moja.

Wako waliopinga. Walisema pengine kirusi hiki ni mpita njia tu. Mwaka huo huo wa 1970, Mjerumani Harald zur Hausen, pamoja na wenzake akiwemo Clifford, alionyesha kwamba vinasaba vya kirusi hicho vimo ndani ya vipande vya uvimbe wenyewe. Mpita njia alikuwa amekutwa ndani ya nyumba.

Hapo mama unaweza kushtuka na kuuliza, "Je, mtoto wangu ana kirusi hicho?" Karibu hakika anacho, na wewe unacho. Zaidi ya watu 90 katika kila watu wazima 100 duniani wanacho. Huenea kwa mate, na huku kwetu watoto wengi hukipata wangali wadogo sana. Hakijapata chanjo. Walio wengi hukaa nacho maisha yote bila madhara. Kwa hiyo usijilaumu kwamba ulimbusu mtoto au ulimwonjea uji. Saratani hutokea kwa wachache sana, pale ambapo mambo mengine yameungana na kirusi hicho, kama vile urithi wa ukoo.

Sasa wataalamu walikabiliwa na shida. Kama karibu kila mtu ana kingamwili za kirusi hiki, damu itatuambiaje nani ana saratani? Jibu walilitoa tena akina Henle mwaka 1976. Kingamwili ziko za aina mbalimbali. Iko aina moja inayoitwa IgA. Aina hii wewe mama unaifahamu ingawa hukuijua kwa jina. Ndiyo iliyojaa katika dang'a, yale maziwa ya kwanza ya manjano ambayo tunakuhimiza umpe mtoto mara tu anapozaliwa. IgA hulinda sehemu zenye unyevu, yaani pua, koo na utumbo. Akina Henle waliona kwamba mtu wa kawaida huwa na IgA kidogo sana dhidi ya kirusi hiki katika damu, au hana kabisa. Lakini mwenye saratani ya nyuma ya pua mara nyingi anazo nyingi. Ni kama askari wa mlango wa koo wanaopiga kelele kwamba adui amejenga pale.

Kipimo hicho kilitumika sana kusini mwa China, ambako saratani hii ni ya kawaida kuliko karibu pote duniani. Huko mtafiti Zeng Yi na wenzake walipima maelfu kwa maelfu ya watu waliokuwa wanajiona wazima, wakawapata wagonjwa mapema. Hong Kong walikwenda mbele zaidi. Walitafuta katika damu vipande vya vinasaba vya kirusi chenyewe badala ya protini. Walipima wanaume zaidi ya 20,000, na mwaka 2017 wakaeleza kwamba walipata 34 wenye saratani. Kati ya wagonjwa hao, 71 katika kila 100 walikuwa katika hatua 2 za mwanzo. Kabla ya upimaji huo, walikuwa 20 tu katika kila 100.

Nikikumbuka hayo huwa nafikiria wale wagonjwa wa Nairobi wa miaka ya 1960. Majina yao hayamo katika vitabu. Walinyosha mkono wakatolewa damu, na damu hiyo ikasaidia kufungua njia ambayo leo inaokoa watu Hong Kong. Huku kwetu, wagonjwa wengi bado hufika hospitalini wakiwa wamechelewa. Kwa heshima ya wale walioanza, tusiendelee kuchelewa.

Basi utaniuliza, "Kwa nini tusiende wote tukapimwe damu?" Swali zuri. Wahenga walisema, kidole kimoja hakivunji chawa. Kipimo cha damu pekee hakitoshi. Wako wenye kingamwili nyingi ambao hawana saratani, na wako wenye saratani ambao damu yao haikuonyesha. Kumpima kila mtu kunafaa mahali ambapo ugonjwa ni mwingi, kama kusini mwa China. Nacho si kipimo utakachokikuta katika dispensari ya mtaani. Akitokea mtu wa kukuuzia "kipimo cha damu cha saratani zote" sokoni au kwenye simu, shika pochi yako, uondoke.

Kinachothibitisha ugonjwa ni kipande kidogo cha nyama. Daktari wa pua, masikio na koo huingiza puani mrija mwembamba wenye taa, hutazama nyuma ya pua, na akiona palipovimba huchukua kipande kikapimwe. Wako wanaosema kwamba saratani ikiguswa na chuma husambaa. Usisikilize maneno hayo. Bila kipande hicho, daktari hawezi kujua ni dawa gani ya kutoa.

Kisha hupimwa hatua ya ugonjwa, yaani umefika wapi. Je, ungali nyuma ya pua? Umeshuka shingoni? Umeingia mifupa ya kichwa, au umefika mbali, kama kwenye mapafu au ini? Hilo hujulikana hasa kwa picha za skani. Damu nayo husaidia. Mwaka 1973 akina Henle na daktari mmoja wa Hong Kong walionyesha kwamba kingamwili huwa nyingi zaidi kadiri ugonjwa unavyosonga mbele, na huwa chache kwa wale waliopona na kuishi miaka mingi. Kwa hiyo damu humsaidia daktari kujua mzigo wa ugonjwa na kumfuatilia mgonjwa baada ya tiba. Hata hivyo, haichukui nafasi ya skani.

Nigusie jambo moja jirani. Iko saratani nyingine ya koo, ya eneo la mafindofindo na shina la ulimi, ambayo mara nyingi huletwa na kirusi cha HPV. Hapo wataalamu hutafuta protini iitwayo p16 katika kipande cha nyama, na tangu 2018 protini hiyo imeingizwa katika kanuni za kimataifa za kupanga hatua za saratani hiyo. HPV ndiyo pia huleta saratani ya mlango wa kizazi. Kenya ilianza kutoa chanjo ya HPV kwa wasichana wa miaka 10 mwezi Oktoba 2019. Mama mwenye binti wa umri huo, usiikose.

Sasa turudi kwa kijana wetu wa Makongeni. Jibu la swali ni hili. Uvimbe wa shingo ukizidi wiki 3, usiendelee kukanda. Mpeleke hospitali. Usingojee mwezi wa 3 na damu ya kamasi. Ukiwa hapa Thika, anza na kituo chako cha karibu au Thika Level 5, umwombe daktari akuandikie barua ya kumwona mtaalamu wa pua, masikio na koo. Ikihitajika, utatumwa Hospitali ya Kenyatta, au ile ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta iliyo upande wa Kahawa, ambayo ilianza kazi mwaka 2019. Hiyo si safari ndefu kwa matatu ya 237.

Ukifika, sema yote bila kuona haya. Sema uvimbe ulianza lini, pua gani imeziba, sikio gani halisikii, kama kuna damu, kama kichwa kinauma au mtoto anaona vitu viwili viwili. Kama ameanzishiwa dawa za TB na uvimbe haupungui, uliza kwa adabu, "Daktari, je, nyuma ya pua pametazamwa?" Swali hilo dogo laweza kuokoa maisha. Saratani hii husikia sana tiba ya mionzi, na ikipatikana mapema wagonjwa wengi hupona.

Kwa kifupi basi, shika mambo haya 4. Kwanza, uvimbe wa shingo usiouma si wa kupuuzwa ukizidi wiki 3. Pili, pua ya upande mmoja, sikio la upande mmoja na damu katika kamasi ni dalili za kwenda nazo hospitali. Tatu, damu hudokeza tu, lakini kipande cha nyama ndicho kinachothibitisha. Nne, kimio kisikatwe mtaani. Hakitibu uvimbe wa shingo, na huleta kutoka damu na maambukizi.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Leo jioni mtoto wako akioga, mpapase shingo pande zote 2. Haichukui hata dakika moja. Nakutakia siku njema na afya njema wewe na nyumba yako. Hadi wakati mwingine, kwaheri.